Tangi Tupu la Mkomani

Punda wa Bakathiri alibeba kompresa,
mimi nikabeba mashine ya plazma begani kama mtoto aliyelala,
Shekuwe nyuma, jenereta kwenye mkokoteni,
akipiga ukelele "Simile! Simile!"
kila kichochoro kilipobana,
mpaka mama wa vitumbua akainua karai lake kutupisha.

Tangi limekaa uani tangu enzi za boti za barafu,
limeegemea ukuta wa matumbawe
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bwana Famau akalipiga teke: ngoo!
"Tupu hili. Miaka tisa halijaona dizeli.
Likateni katikati, nusu moja nipandie ndimu."

Nikatia pua tunduni.
Shekuwe, njoo unuse.
Kilichojaa unakiona, unakiogopa.
Kitupu ndicho kinachokungoja mdomo wazi.
Dizeli imekwenda, pumzi yake imebaki,
na pumzi hiyo haitaki ila cheche moja.

Famau akatazama saa.
Fundi wa Langoni, alisema, angekuwa amekwisha maliza.
Nikamwambia huenda;
lakini kamuulize nyusi zake ziko wapi.

Basi kutwa ikawa maji.
Sabuni, maji, tikisa, mwaga,
kisha maji tena, mpaka chini kidogo ya mstari wa chaki,
na kila tundu la tangi wazi.
Shekuwe kanuna:
alikuja kujifunza moto, nimempa ndoo.

Siku ya pili.
Fungua kwanza kizibo cha chini ya kompresa, itoe jasho.
Hewa ya kisiwa hiki ni nusu bahari;
ikiingia mbichi, moto unakohoa,
na ncha ya shaba inaliwa kabla ya adhuhuri.
Kwangua kutu pale utakapobana waya wa ardhi.
Umeme haukubali ahadi, unataka chuma cheupe.
Vua hiyo jezi. Ni nailoni:
ikiyeyuka, itakuvaa yenyewe.
Miwani hii hapa, si ile yako ya Maulidi.

Makuti ya jirani tumeyalowesha.
Mchanga ndoo mbili, maji ndoo moja,
na Zuhra, binti wa Famau, kakabidhiwa paa:
atazame juu tu, asitutazame sisi.

Sasa shika. Usikamate kama unanyonga kuku.
Anzia ukingoni. Pasipo ukingo, inamisha tochi,
cheche zirukie kando, zisikurudie usoni,
likishatoboka, isimamishe taratibu.
Macho chini ya bamba, Shekuwe:
cheche zikianguka zimelala nyuma kidogo,
kama nywele za mtu anayekimbia, mwendo ndio huo.
Zikikurukia juu, umemkimbia mwenzio,
chuma hakijaitikia.
Ukizembea, kinaota ndevu
utakazozichonga kwa tindo hadi Ijumaa.

Mstari wake wa kwanza ulikwenda kama siafu waliotawanywa.
Wa pili nilinyamaza,
naye akajua kunyamaza kwangu kuna maana gani.
Akaachia kitufe, mkono mbio kuzima mashine.
Nikamzuia. Iache ipumue.
Upepo ule wa mwisho, unaodhani ni wa bure,
ndio unaoipoza ncha.

Famau akasogea, kidole mbele.
"Mbona hakina wekundu? Kimeshapoa."
Chuma kikishaacha wekundu hakisemi, nilikuwa namwambia,
lakini kidole kilikuwa njiani,
na Zuhra, tuliyemwambia atazame paa,
ndiye aliyemwaga ndoo.

Chaaa!
Mvuke ukapanda mpaka dirisha la orofani.
Famau karuka nyuma, kanga ya kwenye kamba imemwangukia kichwani,
kidole kizima, anakihesabu hata hivyo.

Jioni akatulipa pungufu ya mia mbili.
Za maji, akasema, bili ya kisima imepanda.
Nikazipokea zilizobaki, nikamgawia Shekuwe.
Mia mbili.
Ni bei ndogo kwa jozi tatu za nyusi.